Ukame Huja Polepole, Maafa Huletwa na Kuchelewa

Tarehe 8 Septemba 2021, Rais wa Kenya alitangaza ukame kuwa janga la kitaifa. Kufikia siku hiyo mvua za vuli za 2020 zilikuwa zimeshakosekana, na za masika ya 2021 vilevile. Misimu mitatu iliyofuata nayo ikapita bila mvua ya kutosha. Mwaka 2023 ulipoanza, mifugo zaidi ya milioni 2.5 ilikuwa imekufa katika kaunti kame za Kenya, na watu zaidi ya milioni 4 hawakuwa na uhakika wa mlo. Ng'ambo ya mpaka, Somalia ilinusurika kutangaziwa baa la njaa kwa sababu misaada iliongezwa dakika za mwisho. Hata hivyo makadirio yanaonyesha vifo vya ziada vipatavyo 43,000 nchini humo kwa mwaka 2022 peke yake. Misimu mitano mfululizo ya namna hiyo haikuwa imeonekana katika Pembe ya Afrika kwa angalau miaka 40.

Mvua haina wa kuiamuru. Lakini kila hatua ya msiba huo ilionekana ikija. Malisho yalipoanza kukauka, picha za setilaiti zilionyesha. Mbuzi walipoanza kukonda, bei za soko zilisema. Watoto walipoanza kudhoofika, vipimo vya wahudumu wa afya viliandikwa na kutumwa makao makuu. Taarifa zilikuwepo mwezi baada ya mwezi.

Ukame hutupa muda mrefu wa kujiandaa kuliko mafuriko, tetemeko au kimbunga, na sehemu kubwa ya hasara yake hutokea katika miezi tunayoipoteza kati ya kujua na kutenda. Anayetaka kweli kupunguza maafa yake hana budi kuamua mambo matatu wakati mvua bado inanyesha: nani atasaidiwa kwanza, kwa dalili gani, na kwa fedha kutoka wapi. Mengine yote, kuanzia visima hadi bima, yanapata maana yake hapo.

Ukame mmoja, maumivu tofauti

Mwaka 2012 eneo la katikati ya Marekani linalolima mahindi lilipatwa na ukame mkali. Mashamba yalikauka na bei za nafaka zikapanda duniani kote. Wakulima walilipwa na bima ya mazao zaidi ya dola bilioni 17, wakapanda tena msimu uliofuata. Mwaka mmoja tu kabla ya hapo, ukame uliipiga Somalia, na kati ya Oktoba 2010 na Aprili 2012 watu wanaokadiriwa kufikia 258,000 walikufa, takriban nusu yao wakiwa watoto wa chini ya miaka 5. Tofauti ya matokeo hayo mawili haielezeki kwa milimita za mvua. Inaelezwa na vita, umaskini, barabara, bima, hospitali, na kuwepo au kutokuwepo kwa serikali inayowajibika.

Mwanauchumi Amartya Sen aliliweka wazi jambo hili mwaka 1981 katika kitabu chake Poverty and Famines. Alipoichunguza njaa ya Wollo, Ethiopia, ya mwaka 1973, aligundua kwamba chakula katika nchi nzima hakikuwa kimepungua sana. Watu wa Wollo walikufa kwa sababu mazao yao yalipoharibika walikosa cha kununulia chakula cha wengine. Njaa, kwa maelezo yake, huanza pale mtu anapopoteza njia yake halali ya kukifikia chakula, hata kama kipo sokoni.

Kwa mfugaji njia hiyo hupita sokoni zaidi kuliko watu wa mjini wanavyodhani. Familia ya wafugaji wa Turkana au Marsabit haiishi kwa nyama na maziwa pekee. Sehemu kubwa ya mlo wake, hasa kiangazi, ni unga ulionunuliwa kwa fedha za mbuzi. Ukame unapokaza, mambo mawili hutokea kwa pamoja. Maziwa hukauka, hivyo kila nyumba inalazimika kununua nafaka zaidi, na bei ya mahindi hupanda. Wakati huohuo kila nyumba inapeleka mbuzi sokoni, tena waliokonda, na bei ya mbuzi huporomoka. Mbuzi yuleyule aliyeweza kulisha familia kwa wiki kadhaa sasa hawezi kuwafikisha Jumapili. Hakuna mtu aliyewaibia mali yao, lakini thamani yake imeyeyuka mikononi mwao kabla ya mnyama wa kwanza kufa.

Hali hiyo ina historia. Nchini Kenya, maeneo kame na nusu kame ni zaidi ya asilimia 80 ya ardhi yote. Waraka wa Serikali Namba 10 wa mwaka 1965 ulielekeza fedha za maendeleo zipelekwe kwanza kwenye maeneo yenye mvua, ardhi nzuri na miundombinu, kwa imani kwamba faida ingesambaa kwingine baadaye. Kaskazini, ambako tayari utawala wa kikoloni ulikuwa umekufungia nje, kukaendelea kusubiri. Barabara ya lami kutoka Isiolo hadi Moyale ilikamilika katikati ya muongo wa 2010, zaidi ya nusu karne baada ya uhuru. Kwa miaka yote hiyo, mfanyabiashara wa mifugo aliyetaka kumnunua ng'ombe wa Marsabit kabla hajakonda alipaswa kukata siku kadhaa za vumbi na mawe, na gharama hiyo aliitoa kwenye bei ya mfugaji. Shule chache, zahanati za mbali na simu zisizo na mtandao vilifanya kazi ileile. Ukame unapofika mahali kama hapo, unamkuta mtu ambaye sera zilishamdhoofisha.

Kwa hiyo kupanga dhidi ya ukame kuna sehemu mbili. Ya kwanza ni kuwa tayari kwa msimu mbaya ujao. Ya pili, ngumu zaidi, ni kupunguza mambo yanayoufanya msimu mbaya uwe msiba. Nchi inayoshughulikia ya kwanza tu itajikuta inaokoa watu walewale kila baada ya miaka mitatu au minne.

Dalili zinavyosomwa

Kenya haijakaa mikono mitupu. Baada ya ukame wa 2010 na 2011 iliunda Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame, NDMA, ambayo mwaka 2016 ilipewa sheria yake yenyewe. Mamlaka hiyo hufuatilia kaunti 23 na kila mwezi hutoa taarifa kwa kila moja, ikieleza kama iko katika hali ya kawaida, tahadhari, hatari, dharura au kurejea hali njema.

Inafaa kuelewa taarifa hiyo inavyotengenezwa. Setilaiti hupima ukijani wa mimea na kuulinganisha na wa miaka iliyopita katika eneo hilohilo kwa wakati huohuo wa mwaka. Chini yake, watu wa nyanjani hutembelea kaya zilezile kila mwezi wakiuliza maswali ambayo mfugaji yeyote angeyauliza: maji yako umbali gani sasa, ng'ombe anatoa maziwa kiasi gani, mbuzi ameuzwa bei gani, mahindi yamenunuliwa bei gani, mifugo imehamia wapi. Kisha hupimwa watoto. Utepe wa plastiki wenye rangi tatu huzungushwa katikati ya sehemu ya juu ya mkono wa kushoto wa mtoto. Ukisomeka kijani, yuko salama. Njano maana yake mzunguko wa mkono uko chini ya milimita 125, na mtoto ana utapiamlo. Nyekundu, chini ya milimita 115, maana yake anahitaji matibabu bila kuchelewa. Utepe huo ni wa bei ndogo sana na hausemi uongo. Kasoro yake ni kwamba unazungumza mwishoni. Mkono wa mtoto ukifika kwenye nyekundu, malisho yalishakauka, maziwa yalishakwisha na mbuzi walishauzwa kwa hasara. Mpango wa busara huanza kuchukua hatua kwenye dalili za mwanzo za mlolongo huu, bila kungoja ya mwisho.

Juu ya taarifa hizo kuna utabiri wa misimu. Kituo cha hali ya hewa cha nchi za jumuiya ya IGAD, ICPAC, chenye makao yake karibu na Nairobi, hukutanisha wataalamu wa ukanda huu mara tatu kwa mwaka kabla ya misimu mikuu ya mvua. Vuli, yaani mvua za Oktoba hadi Desemba, hutabirika vizuri kwa kuwa hufuata joto la bahari za Pasifiki na Hindi: La Niña, yaani kupoa kwa maji ya Pasifiki, inapojitokeza, mashariki mwa Afrika mara nyingi hukauka. Masika ni magumu zaidi kutabiri, ingawa ujuzi unakua. Hakuna utabiri usiokosea, lakini kwa kiwango kilichopo leo, kusema kwamba ukame ulitushtukiza ni kisingizio kisichokubalika tena.

Pengo kati ya kujua na kutenda

Tahadhari kuhusu ukame wa 2011 zilianza kutolewa Agosti 2010. Umoja wa Mataifa ulitangaza njaa kusini mwa Somalia tarehe 20 Julai 2011. Ni siku hiyo na baada yake ndipo fedha nyingi zilipoanza kumiminika. Mapema mwaka 2012, mashirika ya Oxfam na Save the Children yalichapisha tathmini ya pamoja yakikiri kwamba serikali, wafadhili na wao wenyewe walichelewa. Miaka 10 baadaye, mwaka 2022, yalilazimika kuandika tena kuhusu ucheleweshaji uleule.

Tatizo halikuwa ubinafsi wa watu. Mwisho wa Julai 2011, Wakenya walizindua kampeni ya Kenyans for Kenya wakilenga kuchanga shilingi milioni 500 kwa ajili ya ndugu zao wa kaskazini. Watu wa kawaida walituma kidogo walichonacho kwa simu, na lengo likavukwa. Ukarimu ule ulikuwa wa kweli na unastahili heshima. Lakini uliamshwa na picha za watoto waliodhoofika kwenye televisheni, na picha hizo hupatikana pale tu mambo yanapokuwa yameharibika. Mfumo unaotegemea huruma ya umma utachelewa kila mara, kwa kuwa huruma huhitaji kuona mateso kwanza.

Serikalini sababu ni nyingine. Ofisa anayeidhinisha fedha mwezi wa Novemba, kisha mvua ikanyesha Desemba, ataulizwa kwa nini alitumia fedha za umma bila ulazima. Ofisa anayengoja hadi Machi, mifugo ikafa, hataulizwa na mtu, kwa sababu lawama zote zitaiendea hali ya hewa. Mwanasiasa naye hupata sifa zaidi akisimama mbele ya lori la unga kuliko akipitisha bajeti ya kukarabati pampu za visima. Na sheria nyingi za fedha za dharura hufungua mfuko baada ya janga kutangazwa, jambo linalowafanya viongozi waone kutangaza kama hatua ya kwanza, ilhali ilipaswa kuwa ishara kwamba hatua za kwanza zimeshindwa.

Donald Wilhite, mtaalamu wa ukame kutoka Nebraska nchini Marekani, ameueleza kwa miaka mingi mzunguko ambao jamii huzungukia ndani yake: mvua inakosekana, watu wanapata wasiwasi, wasiwasi unakuwa hofu, fedha zinatolewa kwa pupa, mvua inanyesha, kila mtu anasahau, na maandalizi yanaachwa hadi mvua ikosekane tena. Mwaka 2013 nchi zilikutana Geneva kujadili sera za kitaifa za ukame, na ujumbe mkuu ulikuwa kuuvunja mzunguko huo: kuhama kutoka kushughulikia janga hadi kushughulikia hatari kabla haijawa janga. Kwetu mzunguko huo una sura ya ziada. Mwishoni mwa 2023, baada ya misimu mitano ya ukame, mvua za El Niño zilileta mafuriko makubwa katika kaunti zilezile zilizokuwa zimekauka. Mawazo ya watu yakahamia kwenye madaraja yaliyobomoka, na maswali kuhusu ukame yakabaki bila majibu.

Kuchelewa kuna bei inayohesabika. Ng'ombe akinunuliwa angali na nyama, mfugaji hupata fedha ya kununua lishe ya waliobaki, na soko hupata kitoweo. Akisubiriwa hadi ashindwe kusimama, serikali italipa fidia ndogo kwa mzoga. Utafiti wa Courtenay Cabot Venton wa mwaka 2018 kuhusu Ethiopia, Kenya na Somalia ulionyesha kwamba kila dola 1 inayowekezwa mapema katika kuwawezesha watu kustahimili ukame huokoa takriban dola 3 za misaada na hasara. Kwa nchi zenye madeni na mahitaji mengi, hesabu hiyo peke yake ingetosha kubadilisha bajeti.

Fedha iliyokwisha kuamuliwa

Njia bora tuliyoijaribu ya kuziba pengo hilo ni kuamua malipo mapema na kuyafungamanisha na kipimo. Mpango wa Kenya wa kukinga kaya dhidi ya njaa, HSNP, ulianza mwishoni mwa muongo wa 2000 katika Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera. Takriban kaya 100,000 maskini zaidi zilipewa fedha kila baada ya miezi miwili bila kujali mvua. Kilichoufanya mpango huu uwe wa pekee ni hatua iliyofuata: karibu kila kaya nyingine katika kaunti hizo ilisajiliwa na kufunguliwa akaunti ya benki, ingawa haikuwa ikilipwa. Setilaiti ikionyesha kwamba malisho ya eneo fulani yamefikia kiwango cha ukame mkali, akaunti za ziada hupokea fedha. Malipo ya kwanza ya namna hiyo yalitolewa Aprili 2015.

Hapo maswali yote matatu yalijibiwa kabla. Anayelipwa anajulikana kwa jina na akaunti. Dalili ni namba ambayo mwanasiasa hawezi kuibadilisha. Fedha imeshatengwa. Na mfugaji mwenyewe ndiye anayeamua kama atanunua unga, atalipa karo, atanunua lishe au atalipia gari la kuhamisha wanyama. Ethiopia ilianza mapema zaidi kwa mpango wake mkubwa wa mwaka 2005 unaowafikia takriban watu milioni 8 kwa fedha au chakula, wengi wao kwa kufanya kazi za kuhifadhi ardhi na maji. Mwaka 2011, ukame uleule ulipozikumba nchi za Pembe ya Afrika, Ethiopia haikutumbukia katika njaa ya kiwango cha Somalia, na mpango huo ulichangia.

Bima ya mifugo inafuata mantiki hiyohiyo. Januari 2010 Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, na washirika wake walianzisha bima huko Marsabit ambayo haihitaji mtu kuja kuhesabu mizoga. Setilaiti huangalia malisho, na ukijani ukishuka chini ya kiwango kilichokubaliwa, kila aliyekata bima katika eneo hilo hulipwa. Huko Wajir ilipatikana bima inayofuata misingi ya Kiislamu, na mwaka 2015 serikali ikaanza kuwalipia wafugaji wasio na uwezo. Baadaye muundo ulibadilishwa ili malipo yafike mapema, wanyama wakiwa hai, na mfugaji aweze kununua lishe. Mabadiliko hayo yana thamani kubwa kuliko yanavyoonekana, kwani kumlipa mtu fidia ya mnyama aliyekufa ni kumsaidia kuomboleza. Kumlipa kabla ni kumwachia mali yake.

Hata hivyo, kipimo kinaweza kukosea, na mtu anayekosewa ni maskini. Setilaiti huhesabu ukijani bila kutofautisha nyasi na mathenge, mti vamizi uliotapakaa Baringo na bonde la Mto Tana, ambao hubaki kijani wakati ng'ombe hawana cha kula. Malawi ilipata funzo chungu. Ilikata bima ya ukame kwa mfuko wa Umoja wa Afrika unaoitwa African Risk Capacity, na ukame wa 2015 na 2016 ulipoipiga, modeli ilisema malipo hayastahili. Uchunguzi ukaonyesha kwamba modeli ilidhani wakulima wanapanda mahindi ya muda mrefu, ilhali wengi walikuwa wameshahamia kwenye mbegu za muda mfupi. Hatimaye Malawi ililipwa takriban dola milioni 8, lakini baada ya miezi ya mabishano huku watu wana njaa. Kwa hiyo namba isiachwe peke yake. Kila mfumo wa aina hii unahitaji wazee wa malisho, wauguzi na maofisa wa mifugo wenye uwezo wa kusema kipimo kimekosea, na utaratibu wa kuwasikiliza haraka.

Maji, malisho na uhuru wa kuhama

Fedha hununua muda. Lakini ardhi iliyochoka haiponywi na akaunti ya benki.

Kitui, Machakos na Makueni zimeonyesha kinachowezekana katika maji. Mito ya huko hujaa kwa saa chache mvua inaponyesha, kisha hubaki mchanga mtupu. Jamii hujenga ukuta wa zege kukatisha mto mahali penye mwamba. Mafuriko ya misimu michache hujaza mchanga nyuma ya ukuta, na maji hukaa katikati ya chembe za mchanga, ambako jua haliyafikii wala mbu hawazaliani. Kiangazi watu huchimba kisima kifupi mtoni au hufunga pampu ya mkono kando yake na kuchota maji yaliyochujwa. Mchanga huo lakini una wateja wengine: malori ya ujenzi yanayouchota kwenda mjini. Mto ukinyang'anywa mchanga wake, ghala la maji limekwisha. Makueni ilitunga sheria ya kaunti ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015, na hatua hiyo ni ya kudhibiti ukame sawasawa na kuchimba kisima.

Maji mahali pasipofaa nayo huleta madhara. Kisima cha kudumu katikati ya malisho ya mvua huwavuta watu kuweka makazi, nyasi za kilomita nyingi kuzunguka huliwa hadi mizizi, na eneo lililokuwa akiba ya kiangazi hupotea. Waborana wa Isiolo walikuwa na jibu la siku nyingi. Baraza lao la dedha hugawa malisho kuwa ya masika, ya kiangazi na ya ukame, na hufunga au kufungua eneo kulingana na hali. Wasukuma wa Shinyanga, nchini Tanzania, wana ngitili, malisho yanayohifadhiwa bila kulishwa ili yafae kiangazi kirefu. Baada ya miti kukatwa kwa miongo mingi desturi hiyo ilikaribia kutoweka, lakini mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga), uliofanya kazi kuanzia 1986 hadi 2004, uliirudishia heshima yake, na mamia ya maelfu ya hekta yakarejeshwa. Hakuna mtaalamu aliyeibuni njia hiyo ofisini. Kilichofanyika ni serikali kuitambua na kuiunga mkono.

Kuhama nako ni sehemu ya mpango. Mfugaji huhamisha ng'ombe kwa kuwa mvua za nchi kame hunyesha kwa mafungu, bonde hili likapata na lile likakosa. Kila uzio unaojengwa katika njia za mifugo na kila mpaka wa kaunti unaogeuzwa ukuta humpunguzia nafasi ya kuokoa kundi lake, na mara nyingi huzaa mapigano. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya Kenya ya mwaka 2016 ilifungua mlango wa jamii kumiliki malisho yao kisheria. Kuisajili ardhi hiyo na kulinda njia za kuhama kunastahili kuhesabiwa kama kinga ya ukame, pamoja na mikataba ya amani inayojadiliwa kabla makundi hayajakutana kwenye kisima kimoja.

Kwa mkulima, kinga iko kwenye mbegu na udongo. Mahindi ya Katumani, yaliyozalishwa Machakos kwa ajili ya misimu mifupi, mtama, mbaazi na ndengu huvunwa pale mahindi ya nyanda za juu yanaposhindwa. Lakini mkulima hatapanda mtama ambao hana pa kuuuza, hivyo soko ni sehemu ya mpango kama ilivyo mbegu.

Miji haijakingwa

Wakazi wa mijini husikia ukame kama habari ya mbali hadi mfereji unapokauka. Mwaka 2017 Nairobi iliingia kwenye mgawo wa maji kwa kuwa bwawa la Ndakaini lilipungua. Mwaka 2022 Dar es Salaam ilipata mgawo baada ya Mto Ruvu kushuka, huku ujenzi wa bwawa la Kidunda ukiwa umezungumzwa kwa miongo kadhaa. Tanzania ilikaa gizani mwaka 2006 na 2011 maji yalipopungua kwenye mabwawa ya umeme. Jiji linahitaji mpango uleule: kiwango cha bwawa kinachoanzisha mgawo, orodha ya hospitali na vitongoji vitakavyolindwa kwanza, na mabomba yasiyovuja. Bila mpango huo, mgawo humwangukia anayenunua maji kwa mtungi.

Cha kudai sasa

Mabadiliko ya tabianchi yanaongeza uharaka. Wanasayansi wa World Weather Attribution walikadiria mwaka 2023 kwamba ongezeko la joto lililosababishwa na binadamu liliufanya ukame wa 2020 hadi 2023 uwe na uwezekano mkubwa zaidi mara 100 hivi, kwa kuwa joto hunyonya unyevu wa udongo hata mvua kidogo ikinyesha. Watu wa Pembe ya Afrika wamechangia sehemu ndogo mno ya hewa chafu inayoleta joto hilo. Wana haki ya kudai fedha kutoka kwa nchi zilizochafua, na wana wajibu wa kuhakikisha fedha hizo zinaifikia kata badala ya kuishia kwenye warsha.

Wapo wanaohofia kwamba kutenda mapema ni kupoteza fedha mvua ikinyesha. Hofu hiyo ina jibu. Hatua nyingi za mwanzo zina faida mvua ikija au isije: kuchanja mifugo, kukarabati pampu kabla ya foleni kuwa ndefu, kuhifadhi nyasi kavu, kusajili kaya, kufanya mazungumzo ya amani. Zile ghali zaidi, kama kununua mifugo kwa wingi, zisubiri dalili ya pili. Kupanga ni kujua ipi inafuata ipi.

Tunajua pia mahali pa kuanzia. Kaunti za Kenya huandaa mpango wa maendeleo wa miaka mitano na bajeti ya kila mwaka, na sheria inamtaka mwananchi ashirikishwe. Makueni ilitenga asilimia 1 ya bajeti yake ya maendeleo kwa mfuko wa tabianchi, na kamati za kata huchagua miradi. Kanuni za mfuko wa kitaifa wa dharura ya ukame zilipatikana mwaka 2021. Kinachobaki ni kuujaza mfuko huo kila mwaka, uwe na mvua au usiwe nayo, na kuuruhusu utoe fedha katika hatua ya tahadhari. Taarifa ya kila mwezi isomwe redioni kwa lugha za wenyeji pamoja na maelezo ya hatua iliyochukuliwa, na anayeshindwa kuichukua atoe sababu kwa maandishi. Baada ya kila ukame, bunge lichunguze ni siku ngapi zilipita kati ya dalili na malipo, na matokeo yawekwe hadharani.

Wapiga kura wa maeneo kame wamezoea kuwapima viongozi kwa magunia yanayoletwa wakati wa njaa. Kipimo cha haki zaidi ni bajeti ya mwaka wenye mvua: pampu zilizotengenezwa, njia za mifugo zilizolindwa, kaya zilizosajiliwa, fedha zilizowekwa akiba. Kiongozi aliyefanya hayo hatakuwa na lori la kupiga nalo picha, na watu wake watakuwa na mifugo yao.